Karatasi ya mukimbizi haiuzishwe

Kuko mama moja tunaishi naye mutaa moja hapa Kamina. Anauzisha makala. Mutoto wake wa kwanza alikuwa anachimba kasiterite kule Malemba-Nkulu, kisha mambo ikamuharibikia, akaondoka: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, na mwisho Johannesburg. Juma yenye ilipita huyu mama alibisha ku mulango wangu saa kumi na mbili ya asubui. Alikuwa anatafuta dola 50. Zingine 250 alikwisha kuzipata: sehemu moja ku likelemba, sehemu ingine kwa PDG wa shimo mwenye alikuwa anatumikisha kijana wake. Zote pamoja dola 300, za kutuma kwa komisioneri moja kule Johannesburg, mwenye aliahidi kumutengenezea mutoto karatasi ya ukimbizi.

Nikamuuliza: "Mama, huyo mutu ni avoka?" Akajibu: "Hapana, baba. Ni Mukongomani mwenzetu, anajuana na watu mu biro."

Sikumukopesha. Alienda na kasirani, na tangu ile siku akipita mbele ya nyumba salamu yake iko fupi. Naandika hii kusudi yeye, na wamama wengine wenye wako na watoto njiani, waelewe juu ya nini nilimunyima. Ile asubui sikujua kueleza muzuri.

Kuomba kupokelewa kama mukimbizi ni bure. Si bure kwa wema wa mutu fulani, ni vile sheria iko. Mapatano ya Genève ya 1951, yenye inchi yetu iliingia mu 1965. Sheria ya wakimbizi ya Afrika ya Kusini ya 1998. Sheria yetu wenyewe ya 2002: ule mulango wa kuomba kimbilio hauna bei. HCR, tawi la Umoja wa Mataifa lenye linashugulikia wakimbizi, hailipishe mutu, wala kwa kumuandikisha, wala kwa kumuuliza maulizo, wala kwa kumupeleka Ulaya ao Amerika. Mutu akikutajia bei, tayari anakuibia, ata kama anasema Kiswahili cha Kamina na anajua jina la babu yako.

Na avoka naye anaweza kuwa bure. Hapo ndipo watu wanacheka. Lakini mu Afrika ya Kusini kuko shirika lenye linaitwa Lawyers for Human Rights, linatumika tangu 1979, na liko na maavoka wa kusaidia wakimbizi bila kulipisha, Johannesburg, Pretoria, Durban na Musina pale karibu na mupaka. Cape Town kuko Scalabrini Centre. Nairobi kuko Kituo cha Sheria, kilianzishwa mu 1973 na maavoka vijana wenye walikuwa wanatoa saa zao za mapumziko kwa watu bila uwezo. Hizi si siri. Kijana wetu anapita mbele ya ule mulango kila siku akienda kukutana na komisioneri wake.

Najua juu ya nini hatuamini. Sisi watu wa machimbo tumezoea kulipa kila pahali. Unalipa ku bariere, unalipa mwenye kubeba mufuko, unalipa mwenye kuosha, na ukifika ku depo kilo zinapungua mbele ya macho yako, na ile nayo ni kulipa. Kwetu kitu cha bure kinanuka. Mwenye kukuomba dola 300 anaonekana mutu wa maana. Mwenye kukuambia "ingia, ikala, hakuna kulipa" tunamuwazia kama anaficha kitu.

Na tuseme kweli yote: kule nako mu mabiro kuko wenye kuomba rushwa. Mu 2015 Lawyers for Human Rights, pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha Witwatersrand, waliuliza watu mu zile biro za wakimbizi za Afrika ya Kusini. Karibu mutu moja kati ya watatu alisema aliguswa na rushwa mu safari ya karatasi zake: ku mustari wa kungojea, ku mulango, mbele ya meza. Kwa hiyo komisioneri hatoke mu hewa. Anaishi juu ya ile ubaya. Lakini karatasi yenye ilinunuliwa kwa njia ile, siku biro inakagua dosie, hakuna mutu wa kuitetea. Komisioneri wakati ule simu yake imezimwa.

Feza si ndiyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni ile habari.

Komisioneri hauzishe karatasi peke yake, anauzisha na habari ya kusema. Habari moja kwa watu makumi mawili. "Sema ulizaliwa Goma, wazazi waliuawa, ulikimbia usiku." Kijana wa Malemba-Nkulu, mwenye hajaona Goma ata siku moja, anaiweka mu kichwa sawa vile mutoto wa masomo. Kisha wanamuuliza: kutoka kwenu kwenda soko ya Virunga unapita wapi? Ziwa iko upande gani? Anakauka. Na ile uongo ikiisha kuandikwa mu dosie haitoke tena. Ata akirudi kisha mwaka na habari yake ya kweli, wanafungua dosie na kumuonyesha maneno yake mwenyewe.

Na habari ya kweli mara mingi iko. Ile ya huyu kijana mama aliniambia nusu yake. Sitaiandika hapa, juu si yangu, lakini iko na uzito kuliko ile ya Goma yenye anataka kununua.

Basi avoka wa bure anafanya nini? Hatungi kitu. Anaikala na mutu mbele ya siku ya maulizo na kumusikiliza kutoka mwanzo. Mutu mwenye aliteseka haelezi mambo kwa mustari. Anaanza katikati, anarudia, anasahau mwezi, anasema "ilikuwa wakati wa mvua, kisha kukufa kwa mutoto". Avoka anatafuta pamoja naye: mvua ya mwaka gani, mutoto alizaliwa lini, nani mwingine aliona, kuko karatasi ya hospitali, kuko picha. Anamueleza sheria inatafuta nini: je, ulifuatwa juu ya kabila yako, inchi yako, dini yako, mawazo yako ya siasa, ao kundi lenye uko ndani yake? Ao, kufuatana na mapatano ya inchi za Afrika ya 1969, ulikimbia vita na fujo zenye ziligeuza maisha ya pahali penu? Maneno yenyewe yanatoka kwa mukimbizi. Avoka anamufungulia njia ya kuyasema.

Kuko pia jambo lenye watu hawafikirie kabisa: luga. Wakubwa wa kule wanaita mutu wa kutafsiri Kiswahili, na anaweza kuwa Mutanzania ao Mukenya. Ni Kiswahili, lakini si kile cha kwetu. Ukisema "yaya yangu aliuawa", wewe unalilia ndugu yako mukubwa. Yeye anasikia mwanamuke wa kazi mwenye kulea watoto. Ukisema "walinipika", wewe unaonyesha makovu ku mugongo. Yeye anasikia chungu na moto. Mutu wa depo akisema "mimi nilikuwa nauza madini", kwetu maana yake alikuwa ananunua, juu kama angekuwa anatoa mali angesema "nauzisha"; mutafsiri anaandika kinyume, na mutu wetu anageuka muchimbaji na hakushika ata siku moja koleo. Na "baba"! Kwetu ndugu ya baba ni baba, hakuna mwenye anapoteza wakati kusema "mudogo". Kijana anasema baba alikufa mu vita. Kisha saa moja anasema baba alimutumia franga za safari. Mwenye kuandika anaweka alama pembeni: muongo.

Avoka mwenye anajua kazi yake anasimamisha mazungumuzo na kuuliza: baba gani? Ni neno moja tu, na linaweza kuokoa mutu. Anamukumbusha pia kuomba wamusomee yenye wameandika mbele ya kutia sahihi. Nani kati yetu alishaomba vile mbele ya mukubwa wa serikali? Tunatia sahihi, tunasema aksanti, tunatoka.

Avoka wa kweli anaweza pia kukuambia hapana. Hii inaumiza, lakini ni faida. Kijana mwenye shimo lake lilijaa maji, ao mwenye kampuni ilichukua karieri na kuwafukuza, akaenda kusini kutafuta kazi: iko na njaa, iko na haki ya kulalamika, lakini kwa sheria ile haimufanye mukimbizi. Komisioneri hawezi kumuambia vile, juu angepoteza mutu wa kumulipa. Tofauti iko na kijana mwenye watu wa bunduki walikamata shimo lao, akasema mbele ya watu nani ananunua mali yao, na wakaanza kumutafuta mpaka nyumbani. Wote wawili ni wachimbaji, wote wawili walikimbia Malemba-Nkulu, na mbele ya sheria ni watu mbalimbali. Mama mwenye kuuzisha makala hawezi kupima ile tofauti kwa simu. Mimi nami siwezi.

Wengi wa kwetu hawafike Johannesburg. Wanabakia Zambia, juu ni karibu na juu Kibemba tunakisikia kidogo. Kule njia ni ingine. Zambia inataka wakimbizi waishi mu makambi: Meheba, karibu na Solwezi, yenye ilifunguliwa mu 1971 kwa Waangola, Mayukwayukwa, na Mantapala kule Nchelenge, yenye ilifunguliwa juu ya watu wa Haut-Katanga na Tanganyika wenye walivuka kuanzia 2017. Kutoka mu kambi kunaomba karatasi ya ruhusa. Sasa Solwezi ni muji wa shaba, na kijana mwenye alizoea shimo hawezi kuikala Meheba akitazama mihindi inakomaa. Anatoka bila ruhusa. Wanamushika, na anajikuta mu gereza akisema "mimi ni mukimbizi" mbele ya askari mwenye hana kazi ya kumuamini. Zambia iko na Legal Aid Board, ofisi ya serikali ya kusaidia watu bila uwezo mu tribinali. Lile jina liandikwe mu simu mbele ya kuvuka Kasumbalesa, karibu na namba ya mama.

Kuko wenye wanawaza avoka ni wa kusaidia mutu moja moja. Hapana. Katikati ya mwaka 2012 serikali ya Afrika ya Kusini ilifungia waombaji wapya biro ya wakimbizi ya Cape Town. Mutu mwenye alikuwa anaishi pale, na muke na watoto ku masomo, aliambiwa aende kuomba Pretoria, Durban ao Musina, na kurudi kule kila mara karatasi ikikaribia kuisha. Ni safari ya zaidi ya kilometre 1 000, kwa mutu mwenye anaosha magari. Scalabrini Centre ilipeleka jambo hilo mu tribinali. Tarehe 29 Mwezi wa 9, 2017, tribinali kubwa ya rufani ilisema kufunga kule hakukuwa halali, na ikaamuru biro ifunguliwe mbele ya mwisho wa Mwezi wa 3, 2018. Serikali ikavuta miguu. Waombaji wapya walianza kupokelewa tena mu 2023 tu.

Na ule mwaka wa 2023, mu Mwezi wa 12, Korti ya Katiba ya inchi ile ilivunja kipande kingine cha sheria: kile chenye kilisema kama mwombaji asipofanya upya karatasi yake mu mwezi moja kisha kuisha, ahesabiwe kama ameacha ombi lake. Fikiria mutu mwenye alilala mu mustari siku tatu bila kufika ku dirisha, kisha anaambiwa "wewe mwenyewe uliacha". Hapa pia Scalabrini ndiyo ilishitaki. Wakongomani wengi kule wanabeba leo karatasi yenye ingalikuwa imekufa bila ile kazi, na labda hawajue nani aliwafanyia, wala hakuna mwenye aliwaomba franga. Ninaandika hii kwa wale wenye wanasema cha bure hakina nguvu.

Sasa turudi ku gare yetu, juu ni rahisi kuomba avoka kwa mutoto wetu kule mbali na kumusahau mutoto wa wengine mwenye kulala hapa.

Wazee wa Kamina wanakumbuka 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na pengine, walilala miezi ku magare wakingojea treni, na zile treni zilipita hapa zikielekea Mwene-Ditu. Watoto walikufa njiani. Wengi wao walikuwa watumishi wa Gécamines na wa SNCC, watu wa kazi moja na sisi. Kwa sheria hawakuwa wakimbizi, juu hawakuvuka mupaka. Walikuwa watu wenye walihamishwa mu inchi yao wenyewe. Lakini nyumba, pansio, vyeti vya kazi, vyote vilibakia nyuma, na kwa kuvidai walihitaji avoka sawasawa vile mukimbizi. Mu Mwezi wa 11, 2023, kisha kifo cha kijana moja wa taksi-moto, ilirudia karibu vile kule Malemba-Nkulu: watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa, wengine waliuawa, wengine walikimbia na nguo za mwilini. Hatuwezi kusema hatujue hii sura.

Sheria yetu si mubaya. Katiba ya 2006, kifungu cha 33, inatambua haki ya kimbilio kwa wageni wenye wanafuatwa juu ya mawazo yao, imani yao ao kabila yao. Sheria ya tarehe 16 Mwezi wa 10, 2002 ilianzisha Komisio ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, yenye inapokea maombi, na komisio ingine ya kusikia rufani ya mwenye alikataliwa. Na zamani zaidi, wakati wa Zaïre, sheria ya tarehe 28 Mwezi wa 9, 1979 juu ya maavoka iliweka kama baro inapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure kwa watu wenye mapato hayatoshi. Haisemi Mukongomani ao mugeni, Mulubakat ao Mukasai. Inasema mapato hayatoshi.

Kati ya ile sheria na mutu wa gare kuko barabara yenye mashimo kuliko ya Malemba. Wanakuomba karatasi ya kuonyesha kama wewe ni maskini, inatolewa na wakubwa wa serikali. Kwa macho yangu nilishaona mutu anaombwa franga kusudi apewe karatasi yenye inasema hana franga. Sitataja ni ofisi gani. Wenyewe watajijua.

Kuko wenye watanijibu: sisi wachimbaji wenyewe hatuna avoka. Tunashikwa ku karieri, tunapelekwa ku parke, tunalala siku kumi juu ya mufuko wa coltan, hakuna mwenye anakuja. Sasa unaombea wageni na wakimbizi? Swali iko muzuri, na mimi nalo lilinisumbua. Lakini biro ya mashauri ya bure ni moja tu. Siku inafungua mulango kwa mwanamuke mwenye alikimbia, inafungua kwa wewe mwenye ulishikwa. Yenye inakosa si sheria mbili, ni meza moja na avoka moja mwenye anaikala pale siku yenye alisema ataikala.

Kwa hiyo naomba hivi kwa baro na kwa wakubwa wa Haut-Lomami. Siku moja kwa juma, avoka wa zamu aikale ku gare ya Kamina, pale watu wanashuka, si ku ngazi ya tatu ya jengo lenye lina mulinzi. Karatasi ibandikwe ukuta kwa Kiswahili, Kiluba na Tshiluba: kuomba kimbilio ni bure, kuuliza avoka ni bure, na saa ni hizi. Karatasi ya umaskini isiombe franga. Mara moja kwa mwezi avoka aende Malemba-Nkulu, na kooperative za wachimbaji, zenye zinakata mufuko kila siku juu ya mambo yenye hatuone, zilipe safari yake na chakula. Kwa vijana wenye wanajitayarisha kwenda kusini, ile saa moja mbele ya meza ya avoka ingewafaa kuliko namba ya komisioneri.

Jana jioni nilienda kwa mama wa makala. Hakunipa kiti, tulisimama mu lupango. Nilimuandikia ku kipande cha daftari lile jina la Lawyers for Human Rights, kwa herufi kubwa, na pembeni maneno matatu ya kumuambia mutoto: asitie sahihi mbele ya kusomewa, asiseme Goma, aseme "ndugu ya baba". Akasoma, akakunja, akasema ataomba mutoto wa jirani akitume ku WhatsApp. Zile dola 250 ziko bado mu kitambaa. Komisioneri anapiga simu kila siku, anasema Ijumaa bei itapanda.